Timazi la Baba na Majengo ya Dodoma

Picha ya kwanza niliyomwonyesha baba niliporudi kutoka Dodoma ilikuwa ya msikiti. Aliishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho kama anavyosoma gazeti, akakaa kimya. Kisha akasema, "Mama, huu mnara unaanguka."

Nilidhani hajaona vizuri. Nikaipanua picha kwa vidole, nikamwonyesha tena. Akatikisa kichwa. "Unaangukia nyuma. Na ukuta wa huku unaangukia ndani. Lete nyingine."

Nikamletea ya kanisa. Linaanguka. Nikamletea za wizara kule Mtumba, zinaanguka. Picha mia mbili na zaidi, safari ya kutwa nzima kutoka Mwanza, na mzee wangu alikuwa anayabomoa majengo moja baada ya jingine akiwa amekaa kibarazani kwetu Kirumba, mguu umenyooshwa juu ya kigoda kwa sababu ya goti.

Baba ni fundi muashi. Tangu nipate akili nimemjua kwa mwiko, pima maji na timazi, kile kipande kizito cha shaba kinachoning'inia kwenye uzi ili kupima kama ukuta uko wima. Mimi nina chumba cha picha Makoroboi. Kazi yangu ya kila siku ni picha za pasipoti, vitambulisho vya shule, na Jumamosi harusi au kipaimara. Majengo sikuwahi kuyapiga kama kazi mpaka Juni 2023, akina mama wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa walipoalikwa bungeni na mbunge, wakanichukua niwe mpiga picha wa safari.

Usiku wa kuamkia safari baba aliniita. Kati ya mwaka 1977 na 1981 alifanya kazi Dodoma. TANU ilikuwa imeamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yatoke Dar es Salaam, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile ambayo wazee wa Dodoma mpaka leo wanaiita CDA, kifupi cha jina lake la Kiingereza, ingawa ilivunjwa mwaka 2017. Vijana wenye ufundi wa kujenga walikwenda kutoka kila upande. Baba alipanda treni hapa Mwanza, akapita Shinyanga na Tabora, akashuka Dodoma na begi la vifaa vyake. Aliwekwa kwenye nyumba za watumishi, Area C. "Kuna ukuta wangu," akaniambia. "Wa tofali za kuchoma, haukupigwa lipu. Unatazama kusini. Kona yake ya kushoto niliipandisha mimi mwenyewe." Akanichorea ramani nyuma ya risiti ya duka.

Niliiweka ile risiti kwenye mfuko wa kamera. Nasema kweli, kichwani mwangu ukuta wa Area C ulikuwa jambo la mwisho. Mimi nilikuwa nakwenda kupiga Bunge.

Tulitoka alfajiri kwa basi la kukodi. Nzega, Igunga, mlima Sekenke, Singida, Manyoni. Akina mama waliimba mpaka sauti zikakauka. Tulifika Dodoma giza limeingia, na kwa sababu kilikuwa kipindi cha Bunge la bajeti, nyumba za kulala wageni zilikuwa zimejaa. Tukalala watatu watatu.

Bungeni kikao kinaanza saa tatu asubuhi. Tulikuwa getini kabla ya saa mbili, tumevaa vitenge vya sare, na hapo ndipo nilipoambiwa niache kamera na simu. Nikaziacha. Kwa hiyo jengo nililolikusudia kuliko yote niliingia mikono mitupu. Niliona siwa, lile rungu la mamlaka ya Bunge, ikiingizwa mbele ya Spika, watu wote wamesimama. Nikasikia dua ya kuliombea Bunge ikisomwa, kisha maswali na majibu, kisha wageni wakatambulishwa na sisi tukasimama kule juu tukapunga mikono. Mama mmoja kando yangu, muuza dagaa wa mwaloni, alilia. Ningempiga picha hapo ningekuwa na picha ya maisha yangu. Lakini pia nimejiuliza mara nyingi: kama ningekuwa na kamera, je, ningemwona? Au ningekuwa nahangaika na mwanga?

Mchana huo ndipo nilipokosea. Nilitoka peke yangu, nikatembea mjini nikipiga kila jengo lililonivutia. Mbele ya ofisi moja ya serikali, ambayo siitaji, nilisimama katikati ya njia, nikainua kamera bila kumsalimia mtu. Sikumaliza picha ya tatu. Mlinzi alikuja akikimbia, akaniuliza nimetumwa na nani. Nikamjibu kwa ukali kwamba barabara ni ya umma. Jibu lile lilinigharimu saa mbili kwenye benchi na picha zote za mchana ule, kwa sababu nililazimika kuzifuta moja moja mbele yao.

Nilikasirika sana wakati ule. Leo sioni kwamba yule mlinzi alikuwa na kosa. Nchi yetu ina Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970, nayo inagusa upigaji picha wa maeneo yanayolindwa, na jengo likiwa zuri haliondoki kwenye orodha hiyo kwa uzuri wake. Makao makuu ya nchi yana majengo mengi ya namna hiyo. Mtu anayetoka Mwanza, aliyezoea kupiga Jiwe la Bismarck na watalii wake bila kuulizwa, anasahau hilo. Wakati naondoka, askari mmoja wa makamo alinisindikiza mpaka nje. "Dada," akaniambia, "ungeanza mapokezi na kitambulisho chako, ungeambiwa usimame wapi. Picha inaanzia mlangoni." Nilimshukuru kwa mdomo tu. Shukrani ya moyoni ilikuja baadaye.

Siku ya pili nilipiga haraka haraka vilivyobaki: Uwanja wa Nyerere na sanamu ya Mwalimu, makanisa ya Kilutheri na Kianglikana, Msikiti wa Gaddafi, halafu bodaboda hadi Mtumba, kilomita kama kumi na saba kutoka mjini, kuona Mji wa Serikali ambako magorofa ya wizara yalikuwa yanapandishwa kwa kreni. Area C nilipita jioni, dereva wa basi ananipigia simu niwahi. Ukuta niliukuta. Ulikuwa umejaa kivuli, nikapiga picha moja, nikakimbia.

Hiyo moja ndiyo baba aliyoitafuta kabla hajanirudishia simu. Aliitazama muda mrefu. Ilikuwa nyeusi tii. Hakulalamika. Alisema tu, "Juni ukuta wa kusini haupati jua. Kuta tulizozipiga lipu, upande huo ilikuwa haikauki, tulikuwa tunaiacha siku tatu zaidi."

Nimepiga picha miaka kumi na mbili, na jambo hilo sikulijua. Hapa kwetu chini ya ikweta, mwezi wa sita jua linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo uso wa jengo unaotazama kusini unashinda kivulini kutwa nzima. Mwezi wa kumi na mbili mambo hugeuka. Sisi wa chumbani tunawasha taa pale tunapoitaka. Fundi wa ujenzi hawezi kulisogeza jua, basi hulisoma, kwa sababu likimkaushia ukuta upesi utapasuka, na likikosekana hatamaliza kazi.

Kesho yake asubuhi aliniita uani. Alikuwa amelifunga timazi kwenye tawi la mwembe, limening'inia limetulia. "Lipige picha," akasema. Nikainua simu, nikaielekeza juu kidogo ili tawi lote liingie. "Angalia uzi." Niliangalia. Uzi ulikuwa umelala upande. "Sasa simamisha simu kama unavyosimamisha tofali." Nikaisimamisha wima kabisa, bila kuiinamisha mbele wala nyuma. Uzi ukasimama. Lakini tawi likatoka nje ya picha.

"Unafanyaje?" akauliza.

"Narudi nyuma."

"Haya, rudi."

Nilirudi hadi mgongo ukagusa choo cha jirani, tawi likaingia, uzi bado wima. Somo lenyewe ni hilo. Ukisimama karibu na jengo refu ukainua kamera kulitazama, sehemu ya juu inakuwa mbali kuliko ya chini, basi inaonekana nyembamba na kuta zinaelekeana kama pande za hema. Dawa yake ni kurudi nyuma na kuvuta kwa lenzi, au kupanda mahali palipo juu ili kamera itazame mbele badala ya juu. Ukiweza kufika usawa wa katikati ya jengo, umemaliza. Kuna programu za simu zenye kitufe cha kunyoosha, nami nimezitumia, lakini zinanyoosha kwa kulivuta jengo huku na huku, na wewe unabaki na jengo refu jembamba ambalo hakuna fundi aliyelijenga hivyo. Afadhali kutembea.

Na hapa Mwanza Mungu ametupa mahali pa kupanda. Kuanzia Julai hadi Oktoba nilikuwa nafunga chumba saa kumi jioni, napanda mawe ya Mabatini na Igogo na kulitazama jengo la Hospitali ya Bugando, lililofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima chake na ambalo kila mtu wa Mwanza analitumia kama dira bila kujua kwamba analitumia. Nililipiga mara nyingi sana. Watoto wa kule juu walinizoea, wakawa wananionyesha jiwe lipi linapandika. Nilijifunza kuwasha mistari ya gridi kwenye kioo cha kamera na kuilinganisha na kona ya jengo kabla ya kubonyeza. Nilijifunza kubisha hodi pia. Mawe yale yana nyumba pembeni, na juu ya jiwe la nyuma ya nyumba ya mtu unaona uani kwake. "Hodi mama, shikamoo, naomba nipande hapa nipige Bugando." Sijawahi kukataliwa. Mara mbili nilipewa na chai. Sikuwa nafikiria Dodoma wakati huo, lakini yule askari alikuwa ananifundisha kila jioni.

Kila nikirudi, baba alikuwa anapima. Ana uzi wake mwembamba, anauning'iniza mbele ya kioo cha simu na kufumba jicho moja. Picha ikipita, anaguna. Guno hilo nililitafuta kuliko malipo ya harusi.

Katika kupima huko ndiko nilikosikia habari za Dodoma yake. Aliniambia kwamba enzi zao mabwana mipango walikuwa wakiwaeleza mafundi kuwa mji huu hautakuwa wa magorofa ya kutisha watu. Nimekuja kusoma baadaye kwamba ndivyo ilivyokuwa: ramani kuu ya mwaka 1976, iliyochorwa na kampuni ya Kanada, iliukusudia uwe mji wa watu kutembea kwa miguu na kupanda mabasi, nyumba zikifuata vilima badala ya kushindana navyo. Mambo yamebadilika, magorofa yapo, na tangu sheria ya mwaka 2018 Dodoma ni makao makuu kisheria. Sisikitiki kuyaona. Lakini niliacha kuyatafuta marefu tu. Mji uliokusudiwa kuwa wa kutembea huwezi kuujua kwa kuinua shingo, na nadhani ndiyo maana picha zangu za kwanza zilikosa mji wenyewe.

Nilirudi mwisho wa Oktoba, peke yangu, kwa basi la abiria na kwa fedha zangu. Nilichagua wakati huo kwa hesabu ya baba: jua limeshavuka kwenda kusini, kwa hiyo asubuhi litaupiga ukuta wake kwa ubavu.

Msikitini nilifika jioni, bila kamera, nimejifunga mtandio. Nilimkuta mzee anayehudumia pale, nikamwamkia, nikamweleza natoka wapi na nataka nini. Akaniuliza picha ni za nani. Nikasema za baba yangu, fundi. Akacheka kwa furaha, akanizungusha nje yote. Msikiti ule ulifunguliwa mwaka 2010, umejengwa kwa msaada wa Libya, unaingiza waumini wapatao 3,000. Mzee alinipa masharti mawili: nisipige watu wakichukua udhu, na nisipite mbele ya wanaoswali. "Njoo baada ya alfajiri," akasema, "watu wakishatawanyika."

Nilikuja. Saa kumi na mbili na nusu mwanga wa Dodoma ni laini, vumbi la usiku limetua, na kuta zile zina rangi iliyo kati ya waridi na udongo ambayo ikifika saa tatu huipati tena, jua limeshaichoma ikawa nyeupe. Nilirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ng'ambo ya barabara. Hapo mwenye mgahawa aliyekuwa anawasha jiko aliniuliza ninatafuta nini nikirudi kinyumenyume. Nilipomweleza, akanipandisha kwenye ngazi yake ya nje hadi juu. Picha nne tu. Mnara umesimama wima katika zote.

Pale nilipofutishwa picha nilikwenda siku iliyofuata, moja kwa moja mapokezi, na barua na kitambulisho. Nilisubiri muda mrefu kuliko nilivyokaa kwenye benchi mara ya kwanza. Hatimaye walinikubalia upande mmoja, kutoka nje, dakika kumi, mlinzi akiwa kando yangu. Alikuwa kijana mwingine. Aliuliza kwa nini nasimamisha kamera namna ile, nikamwonyesha gridi, akajaribu na simu yake. Picha ile siiweki popote bila ruhusa yao, ndivyo tulivyokubaliana.

Area C nililiwekea asubuhi nzima ya mwisho.

Nilianza kwa hodi. Nyumba ina familia, mama wa nyumba alikuwa anafagia. Nilipomwambia kwamba baba yangu ndiye aliyejenga ukuta wa ubavuni kwake, aliweka ufagio chini. Miaka yote anaanika nguo mbele ya ukuta huo. Aliondoa kamba ya nguo bila mimi kumwomba, akaita watoto waje waone. Jua lilikuwa linapita ubavuni mwa ukuta, limeinama, na kila tofali lilikuwa na kivuli chake chembamba chini. Mistari ya saruji ilionekana yote. Nikarudi nyuma hadi ua wa jirani, kwa ruhusa ya jirani, nikaisimamisha kamera, nikalinganisha gridi na kona ya kushoto. Ililala juu ya mstari kuanzia chini hadi juu. Niliangalia mara tatu, nikidhani nimekosea mimi.

Nilipofika nyumbani sikumwonyesha simu. Niliisafisha picha ile kubwa, ukubwa wa kalenda, nikamkabidhi mkononi. Aliomba uzi wake. Akauning'iniza mbele ya kona, akafumba jicho, akakaa hivyo mpaka mkono ukaanza kutetemeka, nikaushika kwa chini.

Hakuguna. Aliweka uzi kando, akaanza kupitisha kidole juu ya matofali kutoka chini, midomo ikihesabu. Nilikuwa nimeona kwamba katikati ya ukuta saruji inabadilika rangi, chini ya kijivu cheusi, juu imepauka, nikafikiri ni mvua au ni nguo zilizokuwa zikianikwa. Kidole chake kilisimama hapohapo.

"Kozi ya kumi na tisa," akasema, yaani mstari wa kumi na tisa wa matofali. "Hapa tuliishiwa saruji. Vita vya Kagera vilikuwa vimechukua malori yote. Ilikuwa inatoka Wazo, Dar es Salaam, ikawa haiji. Tulikaa wiki sita tunauangalia huu ukuta, tunaufunika kwa magunia." Akakisogeza kidole juu kidogo, kwenye mstari uliopauka. "Hii ni ya baada ya kurudi. Uzi wa zamani ulikuwa umeoza, nilianza upya na mwingine."

Akaomba nimletee miwani, kisha akarudi chini kabisa ya picha na kuanza kuhesabu tena.